Siku Simu Zilipowaitikia Wazee Marahaba

Aibu hii nimeibeba mwenyewe muda wa kutosha, na kwa kuwa kule Inyonga wanaisimulia vibaya (kuna mmoja anasema eti niliwatukana wazee, mimi sijamtukana mtu), acha niieleze mwenyewe mwenye mkasa, ila kwanza mjue kwamba ule mfumo wa meseji ni kazi ya mikono yangu, nimeuandika mimi Edina wa Nsemulwa kwenye chumba changu cha kupanga, na ni mfumo mzuri, na hata nyie mkimaliza kucheka utabaki kuwa mzuri.

Baba yangu, Mzee Kapama, ni mfuga nyuki wa Inyonga na yumo kwenye kamati ya kikundi chao. Kikundi kilitaka kila mwanachama akileta asali ghalani apate meseji ya kumwambia asali yake imepokelewa na ubora wake ukoje, maana yale magomvi ya "yangu ilikuwa safi, mmeichanganya na ya fulani" yalikuwa yamewachosha. Wenzake wakasema watafute kampuni ya mjini. Baba akasimama kwenye kikao akasema hiyo kazi ataifanya binti yake, na akiwaaibisha basi wamtoe yeye Baba kwenye kamati. Mimi hakuniuliza, alinipigia simu baadaye akanipa taarifa tu, kwa sauti ileile anayotolea taarifa za msiba.

Sasa hapa kuna ufundi kidogo, vumilieni. Mfumo wangu unakaa mtandaoni, na kuna vitu viwili vinavyoongea nao: app iliyo kwenye simu ya mtunza ghala, na programu inayowatumia wanachama meseji. Vyote viwili lazima vijue namna ya kuongea na mfumo, na ukikaa kuviandikia kwa mkono kimoja kimoja utazeeka, huku umebadilisha, kule umesahau. Kwa hiyo mimi niliandika faili moja la maelezo ya API, humo kuna kila kitu ambacho mfumo unaweza kuulizwa na namna utakavyojibu, halafu nikafunga jenereta, yaani programu inayosoma hayo maelezo na kuandika yenyewe ile sehemu ya kuongea, ambayo sisi tunaiita laibrari. Ni kama umempa fundi cherehani vipimo mara moja tu, yeye akakushonea sare za familia nzima. (Baba alipowaeleza wenzake kwamba binti yake anatumia jenereta, wakamuuliza inakula petroli kiasi gani, na Baba bila hata kupepesa macho akawajibu inakula kidogo.)

Na si hivyo tu, niliipanga ile jenereta kwamba kila nikipeleka badiliko lolote, hata nukta, inaamka yenyewe na kuandika laibrari upya kutoka kwenye maelezo. Hapo nilijisifu sana. Nilimwonyesha hata mama mwenye nyumba wangu, ambaye hakuelewa kitu lakini akasema hongera.

Ndani ya maelezo niliweka na sehemu ya salamu, kwa sababu mfumo unaowaandikia wazee bila kuwaamkia huo si mfumo, ni ukorofi. Salamu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Shikamoo, ya kuanzia meseji. Ya pili ni Marahaba, kwa ajili ya wale vijana wa kikundi ambao wakiandika kwenye ile namba inayotuma meseji wanaanza na shikamoo, na namba ni ya kikundi, haiwezi kunyamaza kama haijasikia. Na kanuni ilikuwa kwamba kama salamu haikutajwa, mfumo uchukue ile iliyotangulia kwenye orodha.

Asubuhi ya siku ya kuuzindua mfumo, begi nimeshafunga, nasubiri muda wa basi la Inyonga, nikafungua faili la mipangilio ya jenereta kuliangalia mara ya mwisho (mtu mwenye akili zake angekunywa chai). Nikaona kuna mstari wa kupanga orodha zote kwa alfabeti, umezimwa. Na mimi ni mtu wa mpangilio, hata vikombe vyangu vimekaa kwa ukubwa, na orodha zangu za vijiji na za aina za asali zilikuwa shaghalabaghala, zinaudhi, basi nikauwasha. Neno moja tu nilibadilisha. Jenereta ikaandika laibrari upya, majaribio yote yakapita, kijani kutoka juu mpaka chini (baadaye ndiyo nikakumbuka kwamba majaribio yangu yalikuwa yanauliza kama salamu ipo, hayakuwa yanauliza ni salamu gani), nikafunga laptop nikapanda basi, najiona mimi ndiye mimi.

Tukakutana ghalani, wanachama kwenye mabenchi, ndoo za asali zimepangwa ukutani, Baba kakaa mbele kabisa na koti lake la kanisani. Mwenyekiti ni Mzee Lusambo, mtu ambaye akikohoa tu watu wananyamaza. Nikaamkia, nikaeleza, nikaeleza tena kuliko ilivyohitajika, nikasema sasa kila mmoja ashike simu yake, nikabonyeza.

Simu zikalia ghala zima. Nikatabasamu kabisa. Mzee Lusambo akavaa miwani, akaisogeza simu mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti ili wasiojua kusoma wasikie: "Marahaba Mzee Lusambo. Asali yako imepokelewa."

Akavua miwani. "Marahaba?" akasema. "Kwani nimekuamkia?"

Jamani. Nilihisi masikio yanawaka. Bibi Nyamizi, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote mle ndani na mizinga yake iko porini tangu mama yangu hajaolewa, akaishika simu yake kwa vidole viwili akasema, "Mimi nina wajukuu wanaonyonyesha, leo naitikiwa na kisimu." Vijana wa benchi la nyuma walishainama, mabega yanacheza. Na mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akaandika taratibu kwenye simu yake: wewe ni nani. Mfumo ukamjibu Marahaba. Akaandika tena: nimeuliza wewe ni nani. Marahaba. Akainuka, akaja mpaka mbele, akaniwekea simu mezani nijionee mwenyewe.

Hapo kama ningetulia ningepona. Lakini mtu akiaibika mbele ya baba yake hatulii, nikafungua laptop nikaingia moja kwa moja ndani ya laibrari, ileile iliyoandikwa na jenereta, nikafuta Marahaba kwa mkono, nikaandika Shikamoo, nikapeleka. Nikasimama na sauti ya kujiamini kabisa nikasema, "Wazee wangu, tayari, nimerekebisha, sasa hivi inakuja meseji ya kuwaomba radhi."

Mmeshaona nilichofanya. Mimi mwenyewe niliyeipanga jenereta iamke kila nikipeleka badiliko, nimepeleka badiliko. Ikaamka, mtoto mtiifu, ikaandika laibrari upya kutoka kwenye maelezo, kwa alfabeti, ikafuta kila nilichogusa. Simu zikalia tena. Mzee Lusambo akavaa miwani tena.

"Marahaba," akasoma. "Tunaomba radhi kwa kuwakosea adabu."

Benchi la nyuma halikujizuia tena, kuna mmoja alitoka nje kabisa akaenda kuchekea kwenye miti. Mimi sikucheka. Kuna mzee alishamgeukia Baba akamwambia, si kwa ubaya lakini kila mtu alisikia, "Mzee Kapama, si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema," Baba akajibu. Basi. Hakujitetea, hakuniangalia, alikuwa anaangalia ndoo za asali, na mimi niliumia kuliko kama angenifokea, kwa sababu nilijua akitoka pale bila nafasi yake kwenye kamati hatanilaumu hata siku moja, atanyamaza hivyohivyo.

Nikaacha kujifanya fundi. Nikapiga goti pale mbele nikasema, "Wazee wangu, kosa ni langu, si la Baba. Nimeiambia mashine ipange maneno kwa alfabeti. M inatangulia S. Kwa hiyo Marahaba imepita mbele ya Shikamoo, ndiyo imewafikia."

Mzee Lusambo akahesabu herufi kwa midomo, nikamwona kabisa anafika kwenye M.

"Yaani imesoma," akasema, "ila haijalelewa."

Ghala lote likaangua kicheko, na Bibi Nyamizi ndiye aliyecheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Nikaomba wanipe muda kidogo. Mwenyekiti akasema nipewe.

Safari hii sikugusa laibrari. Nilikwenda kwenye mzizi, nikazima ile alfabeti, nikaandika waziwazi kwenye maelezo kwamba salamu isipotajwa ni Shikamoo, na Marahaba isitoke mpaka mtu aamkie kwanza, nikaongeza na jaribio la kuuliza salamu ni ipi, halafu nikaiacha jenereta ifanye kazi yake yenyewe. Nikaiangalia ikiandika laibrari ya app na laibrari ya meseji, zote mbili, bila mkono wangu, na hata kwenye ile fedheha moyo wangu ulisema, Edina, hiki kitu umekipanga vizuri. Nilipotaka kutuma, nikasita, nikamwangalia Baba.

Baba akainuka. "Anza na yangu," akasema. "Ya wengine iache kwanza."

Nikatuma. Simu yake ikalia mfukoni mwa koti, akaitoa, hakuiangalia, akamkabidhi Mzee Lusambo aisome. Mzee Lusambo alichukua muda wake na miwani yake, nadhani aliusoma ule ujumbe mpaka mwisho kimyakimya kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo Mzee Kapama," akasoma.

Na Baba, amesimama wima mbele ya wenzake, akaiitikia ile simu. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Nikawatumia wengine. Simu zikalia, na sijui nani alianza, lakini wazee wakaanza kuitikia mmoja mmoja, marahaba huku, marahaba kule, Bibi Nyamizi akaiitikia ya kwake akaongeza na "hujambo mwanangu," yule mzee wa mlangoni akaitikia akairudisha simu mfukoni akakaa, na Mzee Lusambo akamwambia Baba akae, kikao kina mambo mengine. Suala la kamati halikutajwa tena.

Mfumo unafanya kazi mpaka leo, na kikundi kingine cha hukohuko wilaya ya Mlele kimeshaniita. Lakini nimeapa mambo mawili: faili lililoandikwa na mashine siligusi kwa mkono wangu hata nikiwa naungua, na nikishafunga begi la safari siwashi kitu, nakunywa chai.

Jioni ile nikiwa jikoni kwa Mama nilimsikia Baba nje anaongea na shangazi yangu aliyeko Mpanda, anapaza sauti kama kawaida yake. "Eeh, kulitokea kakosa kadogo," akasema, "lakini simu yangu sasa inaniamkia. Ya kwako je?"