Kura za Marekani Nilizozisubiri Guildford

Niliondoka Kasulu kwa ajili ya arusi ambayo haikufanyika. Mapema mwaka 2020 Mama Bahati, mkimbizi Mkongo aliyekuwa mwanafunzi wangu katika shule ya kambi ya Nyarugusu, alinitumia tiketi nikamwone bintiye mkubwa akiolewa huko Sydney. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia, mjane, na magoti yangu bado yananitii, kwa hiyo sikujiuliza mara mbili. Niliwaaga majirani kwamba nakwenda wiki chache tu. Nilirudi mwaka uliofuata.

Kabla ya kuanza safari nilipita kambini kumwona Amani, mdogo wake Mama Bahati. Dada na mumewe walipopelekwa Australia, jalada la Amani lilikwenda upande wa Marekani, na hivyo ndivyo ndugu wawili walivyoachana. Amani alikwishahojiwa, akapimwa afya, akaambiwa angoje kuitwa. Alinikabidhi kitenge cha arusi cha mpwa wake. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mwambie dada nangoja. Lakini wenzangu wako ng'ambo ya ziwa wanachimba dhahabu, na mimi nimekaa hapa kuhesabiwa na kupewa unga." Hakuhitaji kunifafanulia. Vijana waliovuka kwenda machimboni Kongo, wengine hatukuwasikia tena. Na mtu akiitwa kwa safari asionekane, nafasi yake imekwenda.

Uwanja wa ndege wa Sydney walininyang'anya dagaa wangu wote wa Kigoma, na yule dada aliyewachukua alinitakia siku njema huku akiwatupa. Nilinuna mpaka Guildford, kitongoji walikokaa wenyeji wangu. Siku chache baadaye mipaka ya nchi ikafungwa nyuma yangu kwa sababu ya korona, na ikatangazwa kwamba arusi iwe na watu watano, mchungaji akiwemo. Kwa Wakongo watu watano hawatoshi hata kubeba keki. Mama Bahati akaikunja nguo ya bibi arusi akaiweka juu ya kabati, na mimi nikabaki pale, mgeni wa sherehe isiyokuwepo. Bahati mwenyewe, bibi arusi, nilipompa pole alinijibu kwa Kiingereza chao, "No worries, bibi," kisha akaenda kulia bafuni.

Guildford ni mahali pa watu wa kila namna. Mtaani kwetu kulikuwa na Walebanoni wenye tanuri la mikate, Waafghani, Wasamoa, na sisi. Mama Bahati aliondoka alfajiri kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na miezi ile kila mtu aliogopa kuingiza ugonjwa mle. Aliporudi alivua viatu nje, akaoga kwanza, ndipo akanisalimu. Mumewe, Papa Elie, alipokea makontena kwenye bohari karibu na bandari ya Port Botany. Mimi nilijitwalia jiko. Nimeona watu wengi wakijitahidi maishani, lakini wale wawili waliniinamisha kichwa. Sikuwasikia hata siku moja wakisema wamechoka, na ilikuwa wazi wamechoka.

Ilipofika mwezi wa kumi, nyumba nzima ilikuwa na habari moja tu, uchaguzi wa Marekani. Msomaji atashangaa, Wakongo wa Sydney na Marekani wapi na wapi? Ni Amani. Serikali iliyokuwepo kule, ya chama chenye nembo ya tembo, ilikuwa imepunguza idadi ya wakimbizi mwaka hadi mwaka. Wapinzani wao, wenye nembo ya punda, waliahidi kuiongeza. Na Amani alikuwa amempigia dada yake akamwambia bila kuzunguka, "Tembo wakirudi, navuka ziwa."

Kwa hiyo hapo nyumbani hatukuuliza mgombea yupi ana sera nzuri. Tuliomba punda ashinde, basi. Mama Bahati alisema wakimbizi wote walioko Marekani ni wa punda, haiwezekani kuwa vingine. Nami, mwalimu wa uraia niliyefundisha watoto wa watu miaka na miaka, niliitikia kwa kichwa.

Port Botany nilifikishwa na Papa Elie siku yake ya mapumziko, ili nione anakofanya kazi. Tuliegesha gari mahali panapoonekana winchi kubwa zikishusha makontena, kazi safi isiyo na kelele za watu, nikasifu kweli. Tukiwa ndani ya gari alimpigia, sauti ya simu ikiwa juu, kaka yake Deo, aliyehamia jimbo la Iowa, Marekani, zamani. Deo anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama na amekwishapata uraia. Papa Elie alimuuliza kama amepiga kura.

"Nimepiga mapema," alisema Deo. "Nimempa wa tembo."

Papa Elie aliitazama simu kama vile ilikuwa imemtemea mate. "Deo, wewe? Na Amani je?"

"Amani ni mtoto yetu, namupenda. Lakini kanisani, mambo ya kutoa mimba na ndoa, ni tembo ndio wanatusikiliza. Na pale kiwandani, wazungu tunaokata nao nyama, baba zao walikuwa punda wa kufa na kuzikana. Sasa wamehama karibu wote. Wanasema punda alienda kukaa na watu wa digrii."

Nilimnyang'anya Papa Elie simu. "Deo mwanangu, ni mimi Mwalimu. Walikupa nini?"

Deo alicheka sana. "Mwalimu, huku hawatoi kitu. Hakuna fulana, hakuna sukari. Wao ndio wananiomba mimi pesa. Kila siku ujumbe kwenye simu, tutumie hata kidogo."

Nilimwambia arudie, maana nilidhani ananitania. Kwetu mgombea ndiye humfuata mpiga kura na khanga mkononi. Kule mpiga kura anayekata nyama kwa saa za usiku ndiye humtumia mgombea fedha zake, tena bila kudai risiti. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiyapigia hesabu hayo. Papa Elie naye aliendesha gari kwa hasira.

Siku ya matokeo, Marekani ilikuwa usiku na kwetu Sydney adhuhuri. Tulikaa mbele ya televisheni na wali kwenye mapaja. Majimbo yaliyongojewa yalionyesha tembo yuko mbele, na mbele yenyewe si haba. Mama Bahati aliniuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Nikajibu kama niliyeketi kwenye kiti cha hakimu, "Imekwisha." Papa Elie akaenda nje kumpigia Amani. Aliporudi alisema kijana amejibu neno moja tu, sawa, akakata simu.

Kesho yake hesabu ikaanza kugeuka. Tembo aliyekuwa mbele akawa anafikiwa, jimbo hili, kisha lile. Mngedhani tungeshangilia. Hatukushangilia hata kidogo. Watu waliotoka Kongo, na mimi niliyetoka jirani, tunajua kura zinazogeuka watu wakishalala ni kura za namna gani.

"Banaiba," alisema Papa Elie. "Minajua hii mambo. Niliiona kwa macho."

"Hata kama inanifaidia mimi, ni wizi," alisema Mama Bahati. "Tena mahakama itaifuta, na tutabaki vilevile. Mimi simpigii Amani. Tulimwambia imekwisha, siwezi kumpa tumaini ya kuibiwa."

Nilimheshimu mno kwa maneno yale. Mdogo wake alikuwa karibu kuingia mashimo ya dhahabu, na bado hakutaka ushindi wa hila. Nami nilikubaliana naye neno kwa neno, na sote watatu tulikuwa tumekosea vibaya.

Kitongoji cha St Marys tulikwenda siku iliyofuata kwa treni, barakoa usoni, mimi na Mama Bahati, kumwona mwenzake wa kazini aliyekuwa mgonjwa wa mgongo. Alikuwa Mkenya aitwaye Wanjiru, muuguzi, aliyewahi kuishi Marekani kabla ya kuja Australia. Hakuniamkia shikamoo, alinipa mkono hewani na "Habari yako, Mwalimu," nikamweka moyoni kwenye fungu la watoto wasiofunzwa. Nilimtoa kwenye fungu hilo kabla chai haijapoa.

Mama Bahati alimweleza habari ya wizi. Wanjiru alijishika mgongo asicheke.

"Ati wizi? Zi, hakuna wizi, wacha nikwambie. Mwaka huu kuna korona. Wenye kuogopa ugonjwa wametuma kura kwa posta, na wengi wao ni wa punda. Wa tembo waliambiwa wasiogope, wakaenda kituoni wenyewe. Sasa kuna majimbo, sheria yao inakataza kufungua bahasha za posta kabla ya siku yenyewe. Kwa hivyo za kituoni zinahesabiwa kwanza, za posta zinafuata. Hakuna kura imegeuka, Mama Bahati. Ni foleni tu, na watu wako walikuwa nyuma."

Akatufungulia simu yake. Ukumbi mkubwa, akina mama wenye miwani na barakoa wanafungua bahasha moja moja, na nyuma yao wamesimama watu wa vyama vyote viwili wakiwachungulia mikono. Hakuna askari aliyeshika bunduki. Hakuna aliyeharakisha. Nje watu wanapiga kelele, na ndani mama mmoja anasugua jicho, anachukua bahasha nyingine. Nimewahi kusimamia kituo cha kura, najua uchovu ule. Nilisikia machozi yakinijia, na mimi si mtu wa machozi.

"Na Deo?" aliuliza Mama Bahati. "Mkimbizi mzima anampa tembo?"

"Kwani Deo ni wa nani?" alisema Wanjiru. "Zamani watu weusi kule walikuwa tembo, kwa sababu rais wa tembo ndiye alimaliza utumwa. Wazungu wa kusini walikuwa punda. Leo geuza. Wafanyakazi wa viwanda wanaondoka kwa punda, akina mama wasomi wa vitongojini wanaondoka kwa tembo. Chama kule ni watu wasiopendana sana wamekubali kupanda gari moja. Wengine wanashuka njiani, wengine wanapanda. Ukishajitangaza wewe ni wa fulani daima, nani atakuja kukubembeleza?"

Nikamuuliza habari ya fedha. Alisema fedha ni nyingi kupita kiasi, na bila fedha hata jina lako halifiki mtaa wa pili. Lakini mwaka huohuo kulikuwa na wagombea wa useneti waliomwagiwa michango kutoka kila pembe ya nchi, na wakaangushwa. "Fedha inakununulia masikio, Mwalimu. Kichwa ni cha mwenyewe." Hata hivyo aliongeza kwamba tajiri akichanga hualikwa kula na mgombea, na Deo akichanga hutumiwa ujumbe wa kuombwa tena. Hilo sikulipenda, na silipendi mpaka leo.

Pale pale kwenye kochi la Wanjiru nikampigia Amani. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, na tena, mpaka Mama Bahati akasimama akaangalia dirishani. Mwishowe ikaita.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Kigoma, Mwalimu. Tunangoja boti."

Sikumwambia punda atashinda, maana siku hiyo sikujua. Nilimwambia, "Ulipoambiwa imekwisha, ni mimi niliyesema hivyo bila kujua ninalolisema. Bado wanahesabu. Nimewaona kwa macho yangu wakifungua bahasha, na wapinzani wamesimama wanatazama. Rudi kambini ungoje pamoja nasi. Ukivuka leo, kura itakayokufaa itahesabiwa na wewe hupo."

Nilisikia watu wakiitana nyuma yake. Kisha akauliza, "Dada yupo?" Nikampa simu dada yake. Mama Bahati hakusema neno la siasa hata moja. Alisema tu, "Amani, rudi. Nakuomba." Alirudi. Na baada ya hesabu kuisha, punda akatangazwa.

Nilirejea nyumbani mwanzoni mwa mwaka uliofuata, ndege nusu tupu, kila abiria na kiti kitupu kando yake. Bahati aliolewa baadaye kwa kitenge kile, nikamwona kwenye simu. Serikali mpya kule Marekani nayo haikukimbia kama tulivyotarajia, ilijikongoja miezi kabla ya kuongeza idadi, na Amani alinipigia mara nyingi kunikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemwambia arudi. Nilimvumilia. Alikuwa na haki ya kunikera.

Nyarugusu, asubuhi aliyoitwa, nilikuwepo. Mabasi yalisimama yakinguruma, watu na mabegi yao yaliyopimwa, vilio vya kawaida vya kuachana. Amani alivaa shati jipya. Nilikuwa nimejiandaa kumpa mawaidha ya Kimarekani niliyoyaokota Sydney, kumbe swali lilitangulia kwake.

"Mwalimu, huko nitaruhusiwa kupiga kura lini?"

"Ukipata uraia. Miaka kadhaa, ukitulia."

"Ba Deo ameshanipigia, anataka niwe tembo. Dada anasema nikisahau punda walionileta, nisimwite dada tena."

"Na wewe unasemaje?"

Alipanda ngazi ya basi, akageuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akiwa mtu mzima.

"Mimi nimengoja miaka yote hii, Mwalimu. Sasa na wao wangoje. Waje waniombe."