Baba Hakuzaliwa Mpole

Harufu ya pombe ya ulanzi inayochacha hufika puani kabla hujaiona mianzi yenyewe: tamu kwanza, kisha kali kama siki. Masika yale, Mwingereza akiwa bado anatawala, kijiji chetu kati ya Njombe na Makambako kilinuka hivyo kutwa kucha, na haikupita jioni bila mtu kupasuliwa kichwa. Watu walikunywa, wakapigana, wakabebana kwenda misheni kushonwa. Baba hakupigana. Hata alipotukanwa njiani aliinamisha kichwa na kupita. Walimwita mpole, nami nililichukia neno lile, kwa kuwa wenzangu shuleni walilitamka kama tusi.

Ugomvi ulitufikia kupitia baba mdogo Zakaria, aliyedai kuwa kichaka cha mianzi alichoacha babu ni chake peke yake. Mchana mmoja alitoka kilabuni amelewa, ameshika kisu kikali cha kugemea. Tulikuwa uani tunamenya viazi. Hakusalimu. Alimpiga mama teke, sufuria ikaruka, kisha akamkata baba sikio, likabaki linaning'inia. Damu ilinirukia mdomoni. Baba alimdaka mkono, akamwangusha, akamkalia kifuani na kumnyang'anya kisu. Mama alipiga kelele, "Mkate naye! Mkate!" Nami nilitamani amkate. Baba alimwekea kisu shingoni mpaka ngozi ikabonyea. Alitetemeka mwili mzima, meno yakigongana. Kisha akakitupa kisu juu ya paa la nyasi, akamfunga ndugu yake kwa kamba ya mbuzi, akakaa chini akilishikilia sikio lake.

Shangazi, dada yao mkubwa, alipokuja kumfunga baba kitambaa, nilimlilia. "Kwa nini baba ni mwoga hivi?" Akaninasa kibao. "Mwoga? Huko shuleni wamekwambia mpole maana yake nini?" Nikamjibu alivyotufundisha mwalimu, kwamba neno hilo ni ndugu wa kupoa, kama uji unavyopoa. "Na uji usiowekwa motoni unapoaje?" Akanieleza kwamba kabla sijazaliwa baba alikwenda Tanga kukata mkonge, na huko kambini alimpiga ngumi mwenzake, kijana wa Lupembe, mpaka akafa, kwa ajili ya neno moja la matusi. Alifungwa miaka mingi. Alipotoka alipitia kwanza Lupembe, akampigia magoti mama wa marehemu, ndipo akaja nyumbani. "Baba yako hakuzaliwa mpole, mwanangu. Alipoa. Na leo nusura achemke tena."

Asubuhi baba alimfungua Zakaria, akamwachia nusu ya mianzi. Hawakupendana sana baada ya hapo, lakini baba alipofariki, aliyechimba kaburi ni Zakaria.

Mwaka jana, karibu na stendi ya Makambako, niliwakuta vijana wamemzunguka mwizi wa simu, wanamponda kwa mawe. Uso wake haukutambulika tena. Nilijipenyeza nikipiga kelele wamwache. Kijana mmoja, umri wa mjukuu wangu, alinishika bega kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Usiogope, kila kitu poa." Mkono wake wa pili ulikuwa na jiwe. Nikamwambia, "Weka chini, mwanangu." Alinitazama kwa heshima, akasubiri nimpishe kidogo, kisha akalirusha.