Mkalimani Hachagui Maneno

Kabla ya somo, mkalimani wa lugha ya ishara huvua pete na kuvaa sweta nyeusi, hata Ruiru ikiwaka jua, ili mikono yake ionekane vizuri. Huwatafsiria wanafunzi watatu wasiosikia, Ciku na wenzake wawili, kila kitu: hesabu, mvua juu ya mabati, hata umbea wa madawati ya nyuma. Juzi mwalimu wa fizikia aliguna, "Hawa watatu watatuharibia matokeo." Mikono ikasema hivyo hivyo. Mwalimu akamgeukia mkalimani: "Ai, Madam, hiyo usiwaambie!" Mikono ikasema na hiyo, bila haraka. Uso wa Ciku ukapata moto. Akajibu kwa ishara, na mkalimani akamtolea sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Hiyo tumeelewa mara moja, mwalimu. Fizikia nayo tuelezee hivyo hivyo."