Mgeni wa Bibi na Waifai Yetu

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Amu, na mama yangu ni shahidi wa nusu yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Niligaagaa kitandani nikijiuliza swali moja: tuchukue spidi ya kumi au ya ishirini? Cheka ukitaka. Mtu ana digrii, hana kazi, amepewa jambo moja tu la kuamua nyumbani, na mwezi wa pili unakatika hajaliamua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mjomba wangu Salim yuko Maskati miaka mingi. Bibi, mamake, alianguka kwenye ngazi ya kwenda darini, na tangu hapo hatoki chumba cha ndani. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nene mno, mtandao wa simu hauzipenyi. Ukitaka kupiga simu ya video sharti upande darini. Na macho ya Bibi yalikuwa yakififia. Daktari alituambia hayatarudi. Basi mjomba akasema atalipia intaneti ya nyumbani, ili mamake amwone kabla giza halijamfika, akaniachia mimi, msomi, nichague.

Nilichagua? Nilisoma. Nilisoma maoni ya watu nisiowajua mpaka kichwa kikauma. Ishirini ni ghali, lakini kumi ikikwama katikati ya mazungumzo je? Kampuni inatoa ruta yake, ndogo, lakini rafiki yangu wa Mombasa anauza ya antena nne. Je, itakubaliana na kisanduku cha kampuni? Fundi wa kampuni alisema itabidi aijaribu kwanza. Hilo neno "itabidi" likaninyima raha. Na kila asubuhi Bibi aliuliza kile kitu cha Salim kiko wapi, nami nikamjibu kiko karibu.

Alasiri hiyo mama alikwenda harusini na kaka yangu alikuwa kazini. Nilikaa kiwandani, ua wetu wa ndani, simu mkononi, nimeelekea ngazi ya kushukia mlangoni. Nyumba haina njia nyingine. Nikasikia hodi, sauti ya mwanamke. Nikasema karibu, pita. Wallahi sikuinua uso. Nilikuwa nahesabu watumiaji, maana kampuni huuliza mko wangapi ndipo wakushauri spidi. Mama, kaka, mimi. Watatu.

Mgeni hakupita mara moja. Alisimama karibu nami, nikanusa asumini. Akauliza mashine hiyo tutaiweka wapi. Nikamwambia juu, chumbani kwangu.

"Na bibiyo?"

"Bibi hana simu," nikamjibu. "Hatumii intaneti."

Akaingia ndani, na punde nikamsikia Bibi akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke. Walizungumza mpaka magharibi ikakaribia. Sikuwapelekea hata maji. Unaijua aibu ya jambo hilo kwetu, mgeni akae nyumbani mwako koo kavu?

Mama aliporudi nilimwambia Bibi ana mgeni. Akaingia kumsalimu, akatoka uso umembadilika.

"Mgeni gani? Bibiyo yu peke yake."

Sasa niamini. Sikuwa nimebanduka pale, na hakuna aliyepita mbele yangu kutoka. Niliingia. Bibi alikuwa amekaa wima kitandani, nyweleni amechomekewa kikuba kibichi, asumini na rehani bado zina majimaji. Kwetu hakuna mti wa asumini.

"Zena mekuya," akasema. "Hakuzeeka hata kidogo. Leso ni ile ile."

"Umemwonaje, mama?" mama akamuuliza, maana siku zile Bibi alikuwa hatutambui mpaka tuseme.

"Kwa mato," akajibu, yaani kwa macho, kama aliyeulizwa swali la kipumbavu.

Bi Zena alikuwa mdogo wake. Aliishi nyumba ya pili, akija kwetu kwa wikio, chumba kile cha juu ya uchochoro kinachounganisha nyumba mbili. Alifariki nikiwa shule ya msingi. Nyumba yake iliuzwa ikafanywa hoteli, na mlango wa wikio ukazibwa kwa mawe. Uko nyuma ya kitanda cha Bibi.

Mama akaniuliza mgeni alikuwaje. Mrefu? Mfupi? Mtu mzima? Akaniuliza na shangazi, wakaniuliza majirani, akaniuliza na maalim aliyekuja kutusomea. Niliwatajia sauti na asumini, basi. "Digrii ya nini hiyo," shangazi akasema mbele ya watu wote, "isiyoweza kumtazama mtu?"

Asubuhi yake nilimpigia fundi. Spidi ya kumi, ruta ya kampuni, waya uvutwe mpaka kitandani kwa Bibi. Mambo yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kupika chai.

Mjomba alipiga Ijumaa baada ya sala. Bibi alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua.

"Kanzu naiona," akasema. "Nyeupe. Uso siuoni, mwanangu."

Mjomba akalia. Kumi ilitosha. Haikukwama hata mara moja; kilio chake kilitufikia safi kabisa.

Tangu siku ya mgeni yule nikipita penye asumini hubana pumzi. Nawe unayesoma haya, usiniulize kama jini au mzuka ni kweli. Hodi ikipigwa kwako, weka simu chini umtazame aliyekuja. Huenda amekuja kukuuliza jambo moja tu, na hatakuuliza tena.

Juzi kaka alisema ruta ihamishiwe juu, kwa kuwa Bibi sasa haoni chochote na huko vyumbani intaneti haifiki. Fundi mwenyewe akapiga simu kuuliza aje lini. Nilimwambia asije. Kisha nikachukua nyundo na vibanio, nikaupigilia waya ukutani, kando ya mto wa Bibi. Anayetaka intaneti humu ndani aje akae naye.