Mgeni wa Bungeni Aliyesimama Kabla ya Jina Lake

Mzee Alexander, seremala wa Usagara, alizaliwa kiziwi, na Tanga nzima hakuna aliyefuatilia Bunge kumshinda. Vikao vikianza aliweka randa chini, akavuta kigoda mbele ya televisheni, na ole wake mteja aliyekuja kuulizia kitanda chake. Siasa haikumhusu. Kwenye kona ya kioo, ndani ya kiduara kidogo, alikuwamo bintiye Consolata, mkalimani wa lugha ya alama, akiyageuza maneno ya waheshimiwa kuwa mikono.

Tatizo ni kwamba alama za Consolata kazini zilikuwa za shule, na Mzee shule hakuiona. Alama zake alizitunga mwenyewe na mkewe Praxeda, na mtoto akakulia humo. Basi alishika nusu, nusu nyingine Praxeda akammalizia: muswada unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, unarudi kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu, wanaoafiki wanasema ndiyo, kisha unakwenda kwa Rais kutiwa saini. Mzee aliuliza kama lipo bunge la pili la kuukagua. Praxeda akamjibu halipo, ni hilohilo moja, likishapitisha limepitisha. Mzee akatikisa kichwa. Yeye hata mlango wa kabati huupima mara mbili.

Mwaka huu mbunge akamwalika Dodoma awe mgeni wake. Baada ya maswali, Spika hutaja wageni walioko jukwaani, kundi kwa kundi. Anayetajwa husimama, wabunge hugonga meza, naye huketi. Jambo jepesi kwa mwenye masikio. Jirani na mtani wake, Mwinyijuma, alikwishatangazia mtaa mzima watazame. Mzee hakujali kuchekwa yeye. Alichoogopa ni bintiye kuaibika kazini kwa ajili ya baba asiyejua hata kusimama.

Praxeda goti lilimzuia safari. Katibu wa mbunge alimfikisha Mzee mlangoni, akaenda zake. Askari alimwonyesha kiti, akaweka kidole midomoni: mgeni haruhusiwi kutamka neno. Mzee aliona hilo ni la kuchekesha, akajizuia.

Chini ukumbini, mbele ya kamera, alisimama Consolata mzima mzima, si yule wa kwenye kiduara. Alikuwa amekonda. Wabunge waliuliza, manaibu waziri wakajibu, wakaulizwa tena maswali ya nyongeza, na Mzee hakuona lolote zaidi ya mashavu ya mwanawe.

Ukafika wakati wa wageni. Wanafunzi wakasimama, Mzee naye akasimama. Wakaketi, akaketi. Wanakwaya wakasimama, naye yumo. Walipoinuka akina mama wajasiriamali na yeye katikati yao, aliona meno ya wabunge, akajua amechemka. Akaketi, akakishika kiti kwa mikono miwili, akaapa hasimami tena hata Spika aje kumwinua mwenyewe.

Ndipo jina lake likatajwa.

Consolata, ambaye kazini haongezi neno lake wala hapunguzi la mtu, alilitamka kwa vidole, herufi moja moja. Baba yake alimkodolea macho tu. Binti akarudia. Hakuna kitu. Spika akangoja, ukumbi mzima ukageuza shingo. Consolata akaachana na herufi. Nchi ikimtazama, aliusukuma mkono mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayepiga randa. Nyumbani kwao, huyo ni Baba.

Mzee akasimama. Machozi yalimlenga na hakuyaficha, maana alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Meza zikagongwa. Ilimpasa ainamishe kichwa na kuketi. Badala yake akainua mikono, mbele ya Bunge la Jamhuri ya Muungano, akamwuliza bintiye:

"Mbona umekonda hivyo? Umekula?"

Askari alimtazama. Kwa kuwa hakusikia neno lililotamkwa, alibaki amesimama palepale. Spika alikwishaendelea na shughuli nyingine, na Consolata alitakiwa kuifuata. Aliiacha kwanza ipite kidogo.

"Nimekula, Baba," akajibu kwa alama za nyumbani. "Sasa keti."

Mzee akaketi.