Goti Langu na Mafuta ya Ukoo

Binti yangu alipoposwa, watu wote nyumbani walianza kufikiria mavazi. Mimi nilifikiria kanisa. Kwetu Bukavu baba hamfikishi bibi arusi altareni kwa kutembea tu. Anaingia akicheza polepole, kwaya ikiimba, na wakwe wanageuza shingo kumkagua kuanzia viatu kwenda juu. Goti langu la kulia lilikuwa limekwisha kuniaga. Daktari aliita ugonjwa huo arthrose: gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, umechakaa, na mfupa sasa unasugua mfupa. Nikishuka ngazi linalia kama mlango wa sakristia. Nilitaka kuingia bila fimbo, basi. Nimeandika makala nyingi za kucheka fahari za wanaume, lakini nilipoziandika nilikuwa sijapata wakwe.

Ndipo video ikafika katika kikundi cha ukoo kwenye simu. Mama mmoja wa nchi ya mbali anachomwa sindano gotini, kisha anatupa fimbo. Sauti ilieleza kwa Kifaransa cha haraka kwamba ni seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, na kwamba zinatolewa katika mafuta ya tumbo. Tumbo la nani, haikusema. Au ilisema, na sisi tulikuwa tumekwisha kuanza kubishana.

Kwetu mtu haugui peke yake, ukoo unakaa. Tulikaa sebuleni kwangu Jumapili baada ya misa, shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, akiwa kwenye kiti chenye mikono. Mke wangu, kwa ukarimu, alimtoa kaka yake, mfanyabiashara wa soko la Nyawera, ambaye tumbo lake lingetosha magoti ya parokia nzima.

Shangazi aliweka kikombe chini.

“Mafuta ya bakwe iingie mu goti ya mutoto ya kaka yangu?”

“Shangazi, ni mafuta tu,” mke wangu alisema.

“Leo ni mafuta. Siku kukikuwa matata kati yetu na ninyi, ile goti itasimama upande gani?”

Mimi, msomi wa nyumba, nilijikuta nikilipima swali hilo kwa uzito.

Shangazi aliamua mafuta yatoke kwa mdogo wangu wa Luberizi, kule bondeni, mtoto wa baba mdogo, mkulima wa mpunga. Damu safi ya upande wa baba. Kasoro yake ni kwamba alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

“Atanona,” alisema shangazi.

Mdogo wangu akapanda kutoka bondeni na mfuko wa mchele, akapewa chumba cha wageni na amri ya kula. Alikula fufu ya muhogo, sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, maharagwe, na mchele wake mwenyewe. Jioni shangazi alimfinya kiunoni kama mtu anayechagua mbuzi, akasema, “Bado.”

“Kaka mukubwa,” mdogo wangu aliniambia, akifungua kitufe cha suruali, “kule nilikuwa ninalima. Hapa ninafugwa.”

Alipokwisha kunona vya kutosha, tulikwenda hospitali sote watatu. Daktari alinitazama mimi, kisha yeye.

“Na huyu papa iko na shida gani?”

“Huyu ndiye dawa,” alijibu shangazi.

Daktari hakucheka, na bado namshukuru. Alieleza kwamba seli hizo mara nyingi hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, katika mafuta yake au katika uboho wa mfupa wa nyonga. Kwamba yeye hana jinsi ya kunifanyia. Na kwamba hata huko zinakochomwa, wataalamu hawajakubaliana kama kweli zinarudisha gegedu. Wengine wanauza kabla ya kujua. Kisha akaangalia tumbo langu.

“Papa, mafuta unayo. Lakini hii yako tutaipunguza tu.”

Akaagiza mazoezi: kuketi na kuinuka kitini, kunyoosha mguu, kula kidogo.

“Kumbe mafuta ilikuwa humu humu mu nyumba,” alisema shangazi tukitoka, “na tulikuwa tunalisha mutu bure.”

Tulikuwa katikati ya ngazi niliposikia mlio ninaoufahamu. Haukutoka kwangu. Nyuma yetu mdogo wangu alikuwa amekumbatia ukuta.

“Kaka mukubwa, na yangu inalia.”

Mtu aliyezoea tambarare alikuwa amebeba kilo mpya kwenye milima ya Bukavu. Basi tukaweka viti viwili barazani, tukawa tunaketi na kuinuka pamoja kama wakatekumeni wanaofundishwa misa, shangazi akitoa amri. Maumivu yangu yalipungua kidogo. Ya kwake yalichelewa, kwa sababu hakuna aliyemwambia mpishi kwamba mpango umebadilika.

Siku ya harusi niliingia bila fimbo, binti yangu mkononi, mguu wa kulia ukifika baada ya ngoma. Shangazi alinisimulia baadaye kwamba mama wa bwana arusi alimwinamia.

“Papa ya bibi arusi anaumwa?”

“Hapana. Banaume ya kwetu banatembea vile siku ya heshima. Angalia ule anamufuata.”

Nyuma yangu mdogo wangu, katika koti lisilofungika, alikuwa anaburuta mguu uleule, kwa mapigo yaleyale.

Yule mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akapitisha habari kwenye benchi lao. Tulipotoka kanisani, bwana arusi, kijana mwenye magoti mazima kabisa, alikuwa amekwisha kuanza kuburuta mguu wake.