Michikichi Chini ya Dirisha Letu

Mama alileta miche mitatu ya michikichi kutoka kwa ndugu zake, imefungwa kwa majani ya ndizi, akaipanda chini ya dirisha la sebule kabla baba hajarudi kutoka kazini. Alitaka kivuli, alitaka vijiti vya kufungia fagio, na nadhani alitaka pia kitu kimoja tu cha kwao ndani ya ua ule. Baba aliporudi hakuvua hata viatu. Aliing'oa yote, akairusha nje ya ua, kisha akashindilia udongo kwa kisigino.

“Weye mama, unataka nyumba itubomokee? Muti ya ngazi iko na mizizi mingi. Itaingia chini ya fondasio, itainua mawe, ukuta utapasuka.”

“Mizizi ya ngazi ni nyembamba,” mama alisema; ngazi ndilo jina la mchikichi kwetu.

“Nani iko masoni hapa?”

Swali hilo ndilo lililomaliza kila ubishi nyumbani kwetu. Baba alikuwa masoni, fundi wa mawe na matofali, na nyumba nyingi za Bigo, mtaa wetu wa Bunia, zilipita mikononi mwake. Ya kwetu aliijenga mwenyewe, kiangazi baada ya kiangazi. Mawe ya msingi, ile fondasio yake, aliyachagua mtoni moja moja, matofali akayachoma mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia kupanga safu ya chini. Kila ua katika avenyu yetu ulikuwa na migomba na miparachichi. Wetu ulikuwa udongo mtupu unaofagiliwa asubuhi. Hata maua ya mama yalikaa ndani ya makopo. Majirani walitutania kwamba tunaishi katika nyumba iliyonyolewa, na baba alicheka nao, maana kwake hiyo ilikuwa sifa. Mama alinuna wiki nzima, kisha akaacha.

Vita vilipofika kwenye avenyu yetu tulitoka na godoro moja, sufuria mbili na mbuzi ambaye hakufika mbali. Barabara ya Komanda sitaieleza. Walioipita wanaijua, na ambao hawakuipita sina nguvu za kuwabembeleza waniamini. Tuliishia Niania, kwa mzee mmoja aliyetuazima kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake na kibanda cha miti ambacho baba alikitazama kwa aibu, kwa sababu hakikuwa na msingi wowote.

Mzee yule alikuwa mtu mwema. Alitupa muhogo wa kuanzia, akatuonyesha mto, kisha akatuwekea sharti lake pale pale, amesimama.

“Mutalima maharagi, mutalima mahindi, mutalima muhogo. Kitu ya kuvuna na kuondoka. Lakini ngazi, hapana. Kahawa, hapana. Avoka, hapana.”

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwetu kila mtu anajua, hata asiyejua kusoma: anayepanda mti wa kudumu anaikamata ardhi. Maharagwe hayamsumbui mtu, yanavunwa na yamekwisha. Mchikichi unabaki umesimama, na siku ya ugomvi watu watauliza ni nani aliyeupanda. Mgeni anayejiheshimu hapandi mti kwenye ardhi ya kuazima.

“Ni haki yake,” baba alisema, na alilitimiza lile sharti kupita kiasi. Kule Niania michikichi inajiotea yenyewe popote punje inapodondoka. Kila ilipochipua nyuma ya jiko letu, baba alikwenda kuing'oa, mzee asije akadhani tuna njama. Mama alimtazama akifanya hivyo, miaka ile yote. Sidhani kama walizungumza juu yake hata mara moja.

Watu waliposema Bunia imetulia, tulirudi. Mimi nilikimbia mbele, na nilipoona bati la nyumba yetu bado liko juu ya kuta nilipiga kelele ya furaha ambayo mpaka leo inanitia haya. Kisha nikaiona michikichi. Miwili ilisimama pembeni mwa mlango, na mmoja ulikuwa chini ya dirisha la sebule, karibu pale pale mama alipopanda ile yake. Ilikuwa imefika kwenye bati. Makuti yalikuwa yakikwaruza matofali kila upepo ulipopita.

Baba alifika, akasimama. Hakuuliza nani yuko ndani ya nyumba yake. Alisema, “Wamepanda karibu sana na ukuta.”

Mtu aliyetoka mlangoni alikuwa wa umri wa baba, amekonda, na watoto nyuma yake. Alitukaribisha. Alitukaribisha kwenye mlango wetu, na mimi nikamchukia kwa moyo wangu wote, tena sitaki kusema kwamba chuki hiyo imekwisha. Lakini kijiji chake kilichomwa, na watoto wawili aliwazika njiani. Hilo hakulisema ili tumwonee huruma. Alilisema alipoulizwa ametoka wapi. Hakuwa na pengine pa kwenda, kama sisi.

Shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, alikuja kesho yake, akawekewa kiti uani, kwenye kivuli cha ile michikichi. Karatasi za kiwanja zilikuwa zimeungua pamoja na kanisa tulimoziweka kwa usalama. Majirani waliomwona baba akijenga, mmoja alikuwa amekufa na wengine wametawanyika hadi Uganda. Watu wa upande wetu katika vita vile hawakubaki Bigo.

“Muzee,” shefu alimwuliza baba, “weye unasema hapa ni kwako. Ulipanda nini?”

“Nilijenga nyumba hii. Kila jiwe.”

“Nyumba, kila mutu anasema alijenga. Miye nauliza muti. Onyesha muti moja tu yenye ulipanda.”

Baba alitazama ua. Nilimwona akiutazama, kona hadi kona, akitafuta kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha hakipo.

“Sikupanda,” alisema. “Muti inaharibu fondasio.”

Watu waliokusanyika wakacheka. Yule mtu mwingine hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba michikichi mitatu hii ameipanda yeye, amebeba maji yake, na watoto wake wameizoea.

Najua shefu alikuwa na sababu zake. Alikuwa wa upande wa yule mtu, na angetafuta njia. Lakini hata mtu mwenye nia mbaya anahitaji kitu cha kushika mkononi, na sisi hatukumpa shida ya kutafuta. Aliamua kwamba nyumba ni ya aliyepanda, nasi tukaondoka kabla ya saa sita. Mama alitembea mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona baba akitembea nyuma yake.

Tulipanga vyumba viwili upande wa pili wa mji. Hapo ndipo baba alipoanza kuungojea ufa. Hakwenda kushitaki, hakwenda kuomba. Aliamini tu kwamba mizizi inafanya kazi yake kule chini. “Ukuta ya dirisha ndiyo itaanza,” alituambia kila mvua kubwa iliponyesha, kwa furaha mbaya ambayo sikuwahi kuijua kwake. Mtu yeyote aliyepita Bigo alisimamishwa na kuulizwa kama ameona mstari kwenye matofali.

“Na ikipasuka, siye tutapata nini?” mama alimwuliza.

“Watajua.”

“Watajua nini?”

“Kama nilisema kweli.”

Basi ikawa ndiyo mali yetu yote, huo ufa. Nami niliungojea, nikautamani. Niliomba kanisani nyumba yetu ipasuke.

Kisha yule mtu aliyekaa nyumbani kwetu alituma salamu. Alitaka kuongeza chumba upande wa dirisha, na alikuwa ameambiwa kwamba masoni bora wa mji bado ni baba. Nilidhani baba atamfukuza mjumbe. Alimwambia atakuja. Mama aliacha kupika, akamtazama, lakini hakumzuia. Njaa ilikuwepo, sikatai. Ila hakwenda kwa njaa. Ili kuunganisha ukuta mpya na wa zamani lazima uchimbe hadi kwenye msingi, na baba alitaka kuona.

Mchana nilimpelekea chakula. Mke wa yule mtu aliniwekea kigoda, nikakataa kuketi. Baba alikuwa ndani ya mtaro, kati ya mchikichi na ukuta, amechuchumaa, sururu imelala pembeni. Alikuwa amefukua msingi wote wa upande ule. Mawe yake yalikuwa yamekaa vile vile alivyoyapanga, na chokaa katikati yake haikuwa na hata unywele wa ufa. Mizizi ya mchikichi ilikuwa imefika hapo, mingi sana, myembamba kama nyuzi za gunia. Ilikuwa imegusa jiwe, ikapinda, ikashuka zake chini.

Baba aliishika kwa vidole, akaivuta kidogo. Ilikatika kirahisi. Alinyanyua uso akaniona, kisha akautazama tena ukuta wake, mzuri, mzima, na wa mtu mwingine. Niliacha sahani kwenye ukingo wa mtaro nikaondoka.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Baba aliosha mikono, akajifuta polepole, akakaa kwenye benchi.

“Haikupasuka,” alisema. “Mizizi yake ni nyembamba.”

Mama aliendelea kuchambua. Jani moja, jingine.

“Basi tungepanda,” alisema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Jina la Bigo halikutajwa tena kinywani mwa baba. Asubuhi alichukua mwiko na kamba yake akarudi kule, akamalizia kile chumba, na akakijenga vizuri.